Kamba ya Wagiriki

Siku mliyoniaga nikistaafu, walimu wenzangu, mliniomba niandike mambo ya kazi yetu kabla sijayasahau. Nimekaa mezani wiki tatu. Kila nikianza kuandika jambo zito la ualimu najikuta nimeandika habari za kamba, basi nimeamua kuacha kushindana na kalamu. Vyeo sitavitaja. Vilikuwa vichache na mnavijua.

Niliteremka kwenye basi Sumbawanga mwezi wa sita nikiwa nimevaa gauni la mikono mifupi. Mimi nilikulia Kyela, na Kyela mtu haulizi kama kutakuwa na baridi. Upepo wa Ufipa ulinipokea kabla ya mtu yeyote. Nilifika shuleni Katandala meno yanagongana, na aliyenifungulia mlango wa ofisi alikuwa mwanamume mwembamba, mrefu, mwenye suruali iliyobanwa chini kwa kibanio cha nguo ili isiingie kwenye mnyororo wa baiskeli. Huyo ndiye Mwalimu Kalonga, aliyekuwa mkuu wa kitengo cha watoto viziwi.

"Karibu, Mwalimu Atupele," alisema. "Umekuja na sweta?"

"Hapana."

"Basi kazi yako ya kwanza ni kutafuta sweta. Ya pili nitakwambia kesho."

Kesho yake nilivaa masweta mawili, moja juu ya jingine, nikaingia darasani. Darasa lilikuwa stoo ya zamani ya majembe, na ndani walikaa watoto kumi na mmoja. Nilisimama mlangoni nikapiga makofi ili wanitazame, kama nilivyozoea kwenye madarasa mengine. Hakugeuka hata mmoja. Nilikuwa nimesomea elimu ya viziwi chuoni, nina cheti, na bado nilipiga makofi. Mwalimu Kalonga alinipita, akakanyaga kwa kishindo ubao mrefu aliokuwa ameulaza sakafuni chini ya miguu yao. Vichwa kumi na kimoja viligeuka kwa pamoja.

"Hii ndiyo kengele yetu," akasema.

Kabla ya saa nne watoto walikuwa wameshanipa jina. Jina la alama, kama mjuavyo, hulichagui mwenyewe. Langu ni kukunja mikono kifuani na kutetemeka. Nilidhani litabadilika nikizoea baridi. Baridi nimeizoea na jina limebaki. Hata sasa nikipita mtaa wa Mazwi, kijana wa miaka thelathini anaweza kusimamisha pikipiki ng'ambo ya barabara akanitetemekea kwa heshima zote.

Mwalimu Kalonga alizaliwa kijiji cha wakulima wa ulezi, na mdogo wake alikuwa kiziwi. Lugha ya alama aliianza nyumbani, kwa ishara walizobuni wao wawili wakichunga mbuzi. Chuo kilikuja baadaye. Ndiyo maana hakuwa na subira na mwalimu anayejaza ubao maneno. Watoto wetu wengi walikuja shule wakiwa na miaka tisa au kumi bila lugha yoyote. Kifipa cha nyumbani hawakukisikia, Kiswahili cha mjini hawakukisikia. Walijua ishara ya kula, ya kulala, ya ng'ombe, ya fimbo. Mwalimu Kalonga aliniambia maneno ambayo nimewarudishia ninyi mpaka mmeyachoka: "Usimfundishe mtoto neno ambalo hajalishika mkononi."

Nililipima neno hilo mwaka wa nne wa kazi, nilipopewa historia ya darasa la sita. Tulifika kwenye aya moja kuhusu Ugiriki ya kale na michezo yake. Aya moja tu, mistari sita. Niliisoma nikaona hakuna cha kushika. Mtoto asiyejua hata "mwaka jana" ukimwambia "kale" umemwambia nini?

Tukaanza na mawe. Niliwatoa nje, nikaweka jiwe mlangoni: huyu wewe. Jiwe la pili: mama yako. La tatu: bibi yako. Tuliendelea hivyo, kila jiwe mama wa jiwe lililotangulia, tukapita jiko la shule, tukapita choo, tukazunguka uwanja wa mpira. Jiwe la mia moja na kumi lilifika kwenye mikaratusi ya mpakani, na hapo niliwaambia: bibi huyu ndiye aliyekuwa hai watu wa Ugiriki walipoanza kukimbia. Watoto walirudi wakitembea kando ya mstari polepole, wanatazama jiwe moja moja. Sijawahi kufundisha "kale" kwa namna nyingine tena.

Nilikuwa na kitabu cha picha, cha Kiingereza, kilichokuja kwenye boksi la msaada. Jalada lilikuwa limetoka. Ukurasa wenye wakimbiaji wasio na nguo niliuunganisha na mwenzake kwa gundi. Watoto waliubandua siku hiyohiyo. Kutoka kwenye picha hizo tulitengeneza kila tulichoweza. Kisahani cha kurusha tulikifinyanga kwa udongo, kikapasuka. Tukakichonga kwa mbao, kikakaa. Wagiriki waliruka wakiwa wameshika vizito mikononi, nasi tulijaza mchanga kwenye chupa ndogo za maji, na kila mtoto akapima mwenyewe kama vinamsogeza mbele au vinamvuta chini. Picha nyingine ilionyesha mwanamichezo amejipaka mafuta mwili mzima, kisha anajikwangua vumbi kwa chuma kilichopinda. Mafuta ya alizeti hatukosi hapa kwetu. Nilileta chupa moja, tukapaka mikono na miguu, tukacheza mieleka kwenye vumbi la Agosti, tukajikwangua kwa vijiko.

Asubuhi iliyofuata, mama mmoja wa makamo alinisubiri nje ya ofisi, khanga imefungwa kiunoni kwa fundo la vita.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia.

"Marahaba. Mwalimu, mimi sina ugomvi. Nauliza tu. Mtoto nimempeleka shule amevaa sare, amerudi amekaangwa. Ndiyo masomo ya siku hizi?"

Nilimweleza habari za Wagiriki. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza hao Wagiriki nguo zao zilifuliwa na nani. Kitabu hakikuwa na habari hiyo. Ushauri wangu kwenu: mafuta kijiko kimoja kwa mtoto, mikononi tu, na kaptula za zamani.

Mama huyo alikuwa shangazi yake Desderia, na Desderia ndiye ninayetaka kuwaeleza.

Alikuwa na miaka kumi na miwili, mtoto wa wakulima wa mahindi upande wa Laela, akikaa Mazwi kwa shangazi yake ili asome. Miguu mirefu, magoti yenye makovu, na macho yasiyokosa kitu. Alikuwa na mbio za ajabu. Wakati wa mapumziko hakuna aliyemkamata, wavulana wa darasa la saba wakiwemo. Lakini siku ya michezo ya shule alikuwa wa mwisho au wa pili kutoka mwisho kila mwaka, na mwalimu wetu wa michezo alikuwa na maelezo yake: "Mtoto mzuri, ila mzito kuamka."

Hakuwa mzito. Filimbi ilipopigwa, wenzake waliondoka. Desderia alikuwa akitazama mguu wa jirani yake. Ulipoinuka mguu ule, ndipo naye alipojua kwamba mbio zimeanza, na kufikia hapo wenzake wamekwisha kula hatua mbili. Katika mita mia moja, hatua mbili hazirudi. Mimi nililiona hilo mwaka hadi mwaka, nikasikitika, nikapiga makofi ya kuwatia moyo, ambayo kwa watoto viziwi ni kazi bure mara mbili. Sikufanya kitu. Nawaambia hili kwa sababu mtakapokuja kusimuliwa kwamba Mwalimu Atupele aliona mbali, mjue kwamba aliyeona hakuwa mimi.

Siku moja tulikuwa kwenye picha ya mstari wa kuanzia mbio. Wagiriki walianza wamesimama, vidole vya miguu vimewekwa kwenye mfereji uliochongwa katika jiwe. Desderia aliweka kidole juu ya kitu kilichopita mbele ya wakimbiaji na kuniuliza: hiki nini? Nilisoma maelezo madogo chini ya picha. Kamba. Ilifungwa kati ya nguzo mbili ikawazuia wakimbiaji, na ikiangushwa wote wanaondoka. Maelezo matupu hayashikiki, kwa hiyo niliwapa watoto wawili kamba ya kurukia, wakaivuta mbele ya wenzao, nikaonyesha: dondosheni.

Kamba ilianguka. Wakakimbia, wakacheka, wakarudi. Desderia hakucheka. Aliiokota kamba, akawapa tena wale wawili. Tena. Tena. Mara ya tano alikuja akasimama mbele yangu, na ninatafsiri mikono yake kadiri ninavyoweza: "Filimbi inawaambia wao. Mimi hainiambii. Kamba inatuambia wote."

Mimi nilikuwa nafundisha mistari sita ya historia. Yeye alikuwa amepata kitu alichokuwa anakitafuta tangu darasa la kwanza.

Nilikwenda na kitabu Mazwi kwa Mzee Ladis, fundi wa kuchomelea, atutengenezee mfano wake. Alikuwa mtu mzima tayari, miwani yake ya kazi imefungwa kwa raba nyuma ya kichwa. Alitazama picha, akaigeuza, akaitazama tena.

"Wanataka nguzo zianguke mbele, siyo?"

"Ndiyo, mzee. Kwa haraka, na zote mbili pamoja."

"Babu zangu waliyeyusha chuma kwenye tanuru la udongo refu kuliko mtu," alisema. "Bawaba mbili hazitanishinda."

Alichomelea bawaba kwenye vipande viwili vya bomba, akavisimika kila kimoja kwenye kitako cha chuma. Kwa nguvu ya kuziangusha tulitumia tyubu za baiskeli zilizokatwa kama utepe na kusokotwa. Kati ya nguzo tukafunga kamba mbili, moja usawa wa kiuno, nyingine usawa wa magoti. Nguzo ilizuiwa isianguke kwa uzi ulioshikwa na mtoto mmoja kila upande. Mimi nilihesabu kwa vidole, na kwenye cha tatu wakaachia.

Mara ya kwanza ilikwenda vizuri, nikajiona mhandisi. Mara ya nne nguzo ya kulia ilianguka na ya kushoto ikachelewa, pengine kwa muda wa kupepesa jicho. Kwenye njia ya kushoto alikuwa Pankrasi, mvulana mnene, mchangamfu, aliyekuwa ameona upande wa pili ukianguka na kuamini. Alikimbia moja kwa moja hadi kwenye kamba. Alianguka kwa kidevu.

Nilimbeba mwenyewe hadi kwenye bodaboda, nikamshika kifuani mpaka hospitali, damu imeloa masweta yote mawili. Alishonwa nyuzi tatu. Hakulia. Nililia mimi. Tuliporudi, Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama uwanjani karibu na nguzo zangu, mikono nyuma.

"Mwalimu Atupele, Wagiriki wako wamemwaga damu kwenye uwanja wangu. Warudishe kwao."

Alikuwa na haki. Nguzo ziliingia stoo, nami nikaingia katika wiki mbaya kuliko zote nilizofanya kazi. Nilikwenda kwa mama yake Pankrasi kuomba radhi. Alinipa uji wa ulezi, jambo lililoniumiza zaidi kuliko kama angenifukuza. Darasani Desderia alikaa akinitazama tu, na mtoto anayejua kutazama namna ile anamchosha mwalimu kuliko kelele.

Ijumaa Mwalimu Kalonga aliweka baiskeli yake ukutani, akaketi karibu nami.

"Kitabu kile umekisoma chote?"

"Picha nimezitazama zote."

"Nimeuliza kusoma."

Kiingereza changu kilikuwa cha kufanyia mtihani, na maandishi yale yalikuwa madogo.

"Wale watu waliwakimbiza wanadamu kwa kamba miaka na miaka," alisema. "Unadhani hawakuwahi kupasua kidevu? Lazima walirekebisha. Kasome walirekebisha nini."

Nilichukua kamusi ya shule, nikatumia Jumamosi nzima na Jumapili baada ya misa. Majibu yalikuwa kwenye ukurasa uleule, yananisubiri. La kwanza: nyuzi za nguzo zote mbili hushikwa na mtu mmoja, katika mkono mmoja, kwa hiyo haiwezekani upande mmoja uachiwe na mwingine ubaki. La pili lilinifanya nicheke peke yangu: mtu huyo husimama nyuma ya wakimbiaji, wasiuone mkono wake. Watoto wangu walikuwa wameshajifunza kutazama vidole vyangu na kuondoka kabla ya kamba. Watoto wa Wagiriki bila shaka walikuwa walewale. Kulikuwa na la tatu, kwamba aliyetangulia kuanza alichapwa viboko. Ukurasa huo mwalimu wa zamu aliupenda kupita kiasi, nikamnyang'anya kitabu.

Mzee Ladis alitengeneza pete moja ya chuma, nyuzi zote mbili zikafungwa humo. Kamba ya magotini tukaiondoa, na ya kiunoni tukaibadilisha kuwa utepe mwepesi wa kitambaa chekundu unaokatika ukivutwa. Halafu nilimwomba Mwalimu Mkuu anipe dakika kumi. Niliangusha nguzo zile mara thelathini mbele yake. Mara thelathini zilipiga chini kishindo kimoja. Kisha nikasimama kwenye mstari mwenyewe, nikampa yeye pete, na nikaupita utepe kwa makusudi kabla hajaachia. Ulikatika kama uzi wa buibui.

"Na huyo mtoto wa nyuzi tatu?" aliuliza.

Pankrasi alikuwa ameshajipanga mstarini, plasta ingali kidevuni. Kumtoa hapo kungehitaji trekta.

"Sawa," Mwalimu Mkuu alisema. "Lakini pete unashika wewe, si mwanafunzi."

Mwaka huo mashindano ya shule yalifanyika Laela, kwenye uwanja ulio jirani na mahali malori yanapopakia mahindi. Tulisafiri nyuma ya lori, watoto katikati, nguzo zimefungwa pembeni kama majeneza membamba. Mwamuzi mkuu wa riadha alikuwa Mwalimu Haule, wa shule nyingine. Alikuwa mkimbiaji hodari alipokuwa chuoni na bado alitembea kifua mbele. Nilimweleza, nikamwonyesha nguzo.

"Mwalimu, hapa tunaanza kwa filimbi," alisema. "Sheria ni filimbi."

"Filimbi ipigwe. Tunaomba tu nguzo ziangushwe wakati huohuo."

"Shule nyingine zitasema umewaletea mtego."

"Msichana wangu hasikii."

"Ana macho. Atawaona wenzake wakiondoka."

Alisema bila ubaya, kama mtu anayetaja jambo lililo wazi. Nami, sijui nilipata wapi ujasiri, nikamwambia: "Basi tukimbie mimi na wewe. Hatua kumi, mpaka pale kwenye mti wa goli. Filimbi hakuna. Mimi nitaondoka ninapotaka, wewe utaniona nikiondoka. Una macho."

Walimu waliokuwa karibu waliangua kicheko. Nilikuwa na sketi ndefu, raba za kazini na mwili wa mama wa watoto watatu. Haule alicheka pia, akasimama kando yangu. Nilitulia. Nilimwacha asubiri mpaka uso wake ukaanza kuchoka kutabasamu, ndipo nikaondoka.

Nilifika kwenye mti wa goli nikaushika kwa mikono miwili. Yeye alikuwa nyuma yangu kwa kiasi cha mkono.

Hakuna aliyecheka sasa. Haule alipumua, akajifuta paji la uso ingawa hakuwa na jasho.

"Hatua kumi ni ujanja," alisema.

"Ndiyo," nilimjibu. "Kwenye mita mia ungenipita na kurudi kunisalimia. Lakini wewe ni mkimbiaji na mimi ni mama wa watoto watatu. Desderia anakimbia na wakimbiaji wenzake."

Alitazama nguzo, akatazama watoto wangu waliokuwa wamekaa kwenye nyasi wakifuatilia midomo yetu. Hawakuelewa neno, lakini walielewa yote. "Zisimike," alisema. "Mbio hii moja. Ikileta matatizo, inatoka."

Walikuwa wasichana saba. Wenzake Desderia walijaribu utepe mara mbili, wakaogopa kidogo, wakazoea. Nilisimama nyuma yao nikiwa na pete mkononi, Haule kando yangu na filimbi mdomoni. Tulikubaliana kwamba nitaachia nikiona shavu lake linajaa. Kutoka nyuma sikuona nyuso, niliona visigino tu, jozi saba. Jozi ya Desderia ilikuwa na nyufa za vumbi jekundu, na haikutikisika. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue kichwa chake hakikugeuka pembeni. Kilitazama mbele.

Shavu lilijaa. Niliachia.

Jozi zote saba ziliinuka pamoja.

Ningeweza kuishia hapo, kwa kuwa mimi nilikuwa nimepata nilichokitaka. Mbio zilikuwa bado. Desderia alitoka kama jiwe la manati, akaongoza mpaka katikati, akaongoza mpaka robo tatu. Watoto wangu waliruka wakipunga mikono hewani, hayo ndiyo makofi yetu, na mimi nilipiga kelele zisizo na maana kwa mtu ambaye hawezi kuzisikia. Hatua za mwisho msichana mmoja mrefu wa Laela alimfikia, akamzidi kwa bega. Desderia alikuwa wa pili.

Nilimkimbilia nikiwa na maneno yote ya kufariji mkononi. Alikuwa ameinama, ameshika magoti, anahema. Aliponiona alinyanyuka. Nilitegemea machozi. Uso wake ulikuwa umekunjamana kwa hasira, lakini hasira ya namna ambayo sikuwahi kuiona kwake, hasira ya mtu mwenye kazi ya kufanya.

"Yule ananizidi mwisho," mikono yake ilisema, kwa kasi. "Nifundishe mwisho."

Miaka yote hakuwahi kuniuliza hivyo. Hakuwa na sababu. Mtu aliyeibiwa mwanzo hana haja ya kujua mwisho wake ukoje. Ninyi mna vyeti vingi kuliko mimi, mtaniwia radhi: sijasoma popote sifa ya mwalimu inayozidi mtoto kukudai somo la pili.

Mwalimu Haule alikuja huku akizungusha filimbi kwenye kamba yake. "Mwalimu Atupele, hizo nguzo zako mnaondoka nazo?"

"Umesema mbio hii moja."

"Nimesema. Lakini kila mwaka kwenye mbio za wavulana nusu saa inakwisha kwa ugomvi wa nani aliiba filimbi, akaondoka kabla haijalia. Ziache mpaka jioni."

Ziliachwa mpaka jioni. Wavulana wasikiao, makapteni wa kuiba filimbi, walipangwa nyuma ya utepe mwekundu kama ndama. Pankrasi alisimama pembeni akiwaonyesha pa kuweka vidole vya miguu, na hakuna aliyehitaji mkalimani.

Desderia nilimfundisha mwisho, au tuseme tulifundishana, mimi sijui mbio. Mwaka uliofuata alimshinda yule msichana mrefu. Mkoani walikataa nguzo, wakasema hazimo kwenye kanuni. Tulibishana kwa barua mpaka wakakubali bendera iangushwe mbele ya wakimbiaji. Bendera si mbaya. Mtakapokataliwa nguzo daini bendera, na msikubali kumwona mtoto akitazama miguu ya wenzake. Desderia aliendelea na sekondari, akarudi, sasa ana cherehani mbili Katandala na msichana anayemfundisha kazi. Mwalimu Kalonga alistaafu akarudi kwao kulima ulezi. Mzee Ladis amewaachia wanawe karakana, na bawaba zake mpaka leo hazijabadilishwa. Tyubu ndizo zinazobadilishwa, kila mwezi wa sita, maana baridi yetu huzikaza.

Wiki yangu ya mwisho kazini, bibi mmoja aliteremka kwenye gari la abiria kutoka kijiji cha mbali akiwa amemshika mkono mjukuu wake, msichana kiziwi wa miaka minane. Mtoto hakuwahi kukanyaga shule. Jina lake hakulijua, alijua tu kwamba bibi akimgusa bega anaitwa. Ilikuwa saa ya michezo, nikawachukua wote wawili hadi uwanjani, bibi akakaa kwenye benchi karibu na geti. Mtoto aliwatazama wenzake wakijipanga. Kabla sijafikiria namna ya kumweleza, aliuachia mkono wangu, akaenda akasimama mwisho wa mstari, akatazama mguu wa jirani yake ili aone umewekwa wapi, akauweka wake vivyo hivyo. Kisha akainua macho kwenye utepe.

Niliachia pete. Utepe ulianguka, na watoto tisa wakaondoka.

Wanane walikimbia kuelekea mikaratusi. Wa tisa alikata kulia, akavuka uwanja kwa kasi yake yote, mikono imetanuka, mpaka kwenye mapaja ya bibi yake pale getini.

"Mwalimu, amekosea," bibi alinililia kutoka mbali, ameinuka kwa aibu. "Msamehe, hajui."

"Hapana, bibi," nilimwambia. "Ameanza vizuri kabisa."